Plagi za Mkunga

Gereji, 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo, na wewe najua utasema hujambo hata ukiwa hoi kitandani, kwa hiyo hali yako nitamuuliza Dada unayeishi kwake. Mvua zimeanza, na lile bati juu ya benchi lako limeanza tena kuvuja. Nimeweka ndoo. Paka amezaa kwenye sanduku la gasketi, sijamtoa.

Nakuandikia kwa shida, si kwa salamu. Mkunga wa zahanati ya juu mlimani amenunua gari. Unamjua, yule anayecheka kabla hajamaliza kusema. Pikipiki yake ilishachoka, na mama mwenye uchungu hasubiri pikipiki itengenezwe. Gari ni ndogo, nzuri, ya petroli, ila ina tabo. Ndiyo ya kwanza ya namna hiyo kuingia hapa tangu uniachie funguo za gereji. Nimeichunguza mpaka nikaelewa hivi: moshi unaotoka unazungusha kifeni, kifeni kinashindilia hewa ndani ya injini, na injini ndogo inavuta kama kubwa.

Sasa tatizo. Kwenye tambarare inateleza tu. Ikianza mlima, mkunga akikanyaga mafuta, inakohoa, inashtuka, nguvu inakatika. Akiachia mafuta, inatulia. Nimefunga plagi mpya, nikazipima pengo la kurukia cheche kama ulivyonifundisha, kwa kibati chako cha milimita moja. Bado inamisi, inaruka mapigo bila kuwaka. Waya nimekagua, koili nimekagua, petroli safi. Laiti ungekuwa hapa uisikilize. Nimeshaandika, sifuti, unajua ninachomaanisha.

Nisaidie, Baba. Mkunga hana usafiri mwingine, na kule juu kuna kina mama wanaokaribia kujifungua.

Mwanao


Kwa shemeji yako, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bati hilo linavuja tangu hujazaliwa, usizisingizie mvua za mwaka huu.

Na wala usiniombe radhi kwa neno "kusikiliza". Masikio yangu yaliishia kazini, nimeinamia injini maisha yangu yote, na ndiyo hayohayo yaliyonipa jina la Fundi Sikio. Leo mgeni akigonga mlango mpaka mjukuu aje anitingishe bega. Simu kwangu ni kipande cha plastiki. Basi tuandikiane kama watu wa zamani, hatujapungukiwa kitu.

Hapa nakula, nalala, natazama maua ya dada yako. Shemeji yako ni mtu wa heshima. Asubuhi shikamoo Baba, jioni shikamoo Baba, katikati gazeti. Simlaumu, kuongea na asiyesikia kunachosha. Juzi bawaba ya mlango wa jikoni ililegea, nikashika bisibisi, akanipokonya kwa upole. "Pumzika, Baba." Mwanangu, nimepumzika mpaka nimechoka.

Sasa gari. Wewe umetishwa na jina. Tabo, tabo, kwani tabo ni jini? Injini ni injini: hewa, mafuta, moto. Umesema hewa ni nyingi, basi moto nao uwe mkubwa. Panua pengo. Cheche ikiruka mbali inakuwa nene, inawasha vizuri. Weka milimita moja na nukta moja. Wenzetu wanatoa plagi boksini wanafunga hivyohivyo zilivyobanwa, sisi plagi haiingii kwenye injini bila kupanuliwa kwanza. Ndiyo desturi ya gereji yetu, na ndiyo maana magari yetu yanawaka asubuhi ya baridi kwa mguso mmoja.

Fanya hivyo, kisha niambie. Niambie upesi, maana huku zaidi ya barua zako sina ninachosubiri.

Baba yako


Zahanati, 19 Machi

Fundi,

Barua hii nimempa dereva wa lori la mchanga, na nimeiandika nikiwa na hasira, kwa hiyo usitafute salamu.

Ile gari yako, maana mimi siiti tena yangu, zamani ilikuwa inakohoa na kufika. Tangu uitengeneze inakohoa tu. Juzi imenizimia kwenye kona ya pili ya mlima, mvua inanyesha, nikiwa nakwenda kwa mama wa uzazi wa kwanza. Nimeiwasha, ikasogea, ikazima. Nimechukua mkoba wangu nikapanda kwa miguu, na mwili wangu huu unaujua. Nimefika mama ameshajifungua mikononi mwa mama mkwe wake, kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni, mtoto wa bluu, kimya. Nimefanya ninachokijua. Amelia. Yeye mzima, mama yake mzima, Mungu mkubwa. Baada ya hapo mimi ndiye niliyeketi sakafuni, wakaanza kunihudumia mimi.

Watu waliniambia, gari hiyo umpelekee msichana? Nikawajibu tutaona. Haya, tumeona nini? Dereva huyu ataivuta mpaka kwako. Nirudishie na jibu, usinirudishie na pole.

Mkunga


Gereji, 24 Machi

Dada Mkunga,

Pole nilikuwa nayo, umeikataza, naimeza. Gari umeletewa na funguo ziko kwa mlinzi wa zahanati. Jibu ni hili.

Ndani ya injini plagi inatoa cheche, na cheche hiyo inaruka pengo dogo kati ya ncha mbili. Hewa ikiwa ya kawaida, hata pengo likiwa pana inaruka. Lakini tabo ikianza kushindilia, hewa na petroli vinabanana humo ndani, na cheche inashindwa kukatiza. Ni kama wewe kutaka kuvuka chumba kilichojaa watu: chumba kikiwa kifupi utapita, kikiwa kirefu utaishia katikati. Kwenye tambarare tabo haishindilii sana, ndiyo maana gari ilikuwa inakudanganya kwamba ni nzima. Mimi nilipanua pengo, na nilitakiwa kulibana.

Sikukisia. Nilipakia magunia ya mchanga nyuma, uzito kama wako na wa wajawazito wawili, usinune, nikapanda mlima wako nimekanyaga mafuta hadi chini. Nikabana pengo kidogo, nikapanda tena. Nikabana, nikapanda. Ilipofika nukta nane ya milimita ilikohoa mara moja tu, kwenye kona ileile. Nukta saba, kimya. Nikajaribu sita nione: mlimani safi, lakini ikisimama inatetemeka, kwa kuwa cheche imekuwa fupi mno haina nguvu ya kuwasha ikiwa injini imetulia. Nikarudi saba. Kubana sana nako ni kosa. Linalotakiwa ni pengo pana kadiri linavyovumilia mlima, basi.

Lile la kupanua nililipata kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote. Nilipokuwa nafunga zile plagi moyo wangu ulisita, nikaunyamazisha. Kwa hiyo usimtafute mwingine wa kumlaumu. Huyo mtoto nimemuota mara kadhaa, na wala sijamwona.

Fundi


Zahanati, 27 Machi

Fundi,

Imepanda. Imepanda na mimi, na mama mmoja, na dada zake wawili waliokataa kubaki. Haikukohoa hata pale juu kabisa.

Nimekusamehe nusu. Nusu ya pili nitakupa ukishamwambia huyo unayemheshimu. Usinijibu kwamba ni mzee, kwamba ni mgonjwa, kwamba ataumia. Mkunga aliyenifundisha mimi kazi alikuwa anawakataza kina mama wenye uchungu kunywa maji. Nilimpenda yule mama kuliko shangazi zangu. Nilimwambia. Alininunia, alininunia hasa, hata salamu akawa ananitumia kwa watu. Lakini kina mama walikunywa maji.

Njoo umwone mtoto. Amenona, hana habari na wewe.

Mkunga


Gereji, 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika mbiombio, wateja wamejaa mpaka barabarani. Gari ya mkunga imepona! Shida ilikuwa kwenye pengo la plagi, kama ulivyosema. Inapanda mlima imebeba watu na haikohoi. Mkunga ana furaha, na mimi nakushukuru.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Msalimie Dada, msalimie Shemeji.

Mwanao


Kwa shemeji yako, 6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mezani mbele ya wote, kwa sauti. Dada yako anasema nimeisoma kwa kupiga kelele, sawa, mimi nitajuaje. Nilipofika "imepona" nikarudia. Shemeji yako akakunja gazeti! Akalikunja, akaliweka chini, akaniangalia usoni na kuniuliza polepole ili niusome mdomo wake: "Baba, na hii yangu je?"

Gari yake ya kazini nayo ina tabo, na anasema siku hizi ikipanda inashtuka kidogo. Nimekaa nyumba hii muda wote huu hajaniuliza kitu zaidi ya kama nimekula. Sasa kila jioni anavuta kiti. Ananichorea, ananiuliza, tunaongea injini mpaka chakula kinapoa na dada yako ananuna, na kununa kwenyewe ni kwa uongo, namjua. Ameshanunua plagi mpya. Ijumaa ijayo ananiachia gari mchana kutwa, nami nitazipanua kama zile za mkunga, moja na nukta moja. Ovaroli langu nimelifua mwenyewe, dada yako nimemkatalia.

Jumamosi asubuhi wanasafiri, yeye, dada yako na watoto, kwenda kwa wazazi wake, ng'ambo ya milima. Njia ile imejaa malori. Nimewaambia safari hii wataona malori yanavyobaki nyuma.

Ndiyo hayo. Nilidhani nimekuja huku kungoja siku zangu, kumbe bado nipo.

Baba yako


Gereji, Alhamisi 11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa basi, yule tuliyemtengenezea klachi, na ameapa kuitia mkononi mwako. Kabla hujasoma mbele: usifunge hizo plagi.

Nilikudanganya. Gari ya mkunga haikupona kwa kupanua. Nilipanua kama ulivyosema, ikamzimikia mlimani, na mtoto mchanga nusura afe. Imepona kwa kubana, mpaka nukta saba. Tabo inashindilia hewa, na cheche haiwezi kuvuka pengo refu kwenye hewa iliyobanana. Nimejaribu kwa mikono yangu, nimepakia mchanga na kupanda mlima mpaka mlinzi wa zahanati akadhani nimerukwa na akili. Gari ya Shemeji ukiipanua, hapo uani itawaka vizuri, na mjini itakwenda vizuri. Itakuja kukata mlimani, Shemeji akiwa katikati ya kulipita lori, na watoto wameketi nyuma.

Niliandika kwamba imepona kwa sababu nilikuwa nakuona unatazama maua. Dada aliniandikia kwamba siku hizi hucheki, unakunywa chai unamshukuru unarudi chumbani. Nikasema, nikimwachia hili moja litampunguzia nani nini? Sikujua litafika mpaka kwenye gari wanayopanda watoto wa Dada.

Nilipoisoma barua yako nilikimbia mpaka posta kumpigia Shemeji ofisini. Nimeshika simu, nambari ninayo kichwani, nikairudisha chini. Ningemwambiaje? Kwamba asimruhusu baba yangu kugusa gari yake? Na wewe umo nyumbani mwake, unakula mezani pake, na ndiyo kwanza amekunja gazeti? Nimeshindwa. Nakuambia wewe, na wao uwaambie utakavyo. Sema plagi alizonunua ni mbovu. Sema umeumwa mgongo. Chochote utakachosema nitakuunga mkono. Lakini basi la kurudi kesho lisipokuwa na jibu lako, nitapiga simu kwa jirani yenu kabla hawajatoka, na heshima tutaitafuta baadaye.

Nisamehe, Baba.

Mwanao


Kwa shemeji yako, Ijumaa 12 Aprili

Mwanangu,

Dereva wako amenikuta nimeshapanua plagi tatu, ya nne ninayo mkononi. Shemeji yako ameomba ruhusa kazini ili akae anitazame. Alikuwa ameketi juu ya ndoo kama mwanafunzi.

Nimeisoma barua nimesimama. Nilikasirika, nisikufiche. Nilitaka kuichana. Huyu, nikasema, huyu niliyemfundisha kushika spana hajui hata kufunga viatu, leo ananisomesha moto! Nikakaa kwenye ngazi. Shemeji yako anauliza kuna nini, naona midomo tu. Halafu nikafikiria kiberiti. Penye upepo mtu hanyooshi mkono ndipo awashe, anakibana viganjani. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, na maisha yangu yote sijaliweka kwenye injini, kwa sababu injini zangu hazikuwa na upepo. Umesema kweli. Nimeliona.

Umenipa uongo wa kuwaambia. Wa mgongo ulikuwa mzuri, mgongo kweli unaniuma. Sikuutumia. Nimemwita dada yako na watoto, nikawaambia wote wamesimama pale: safari ya kesho haipo, nilikuwa nakosea, binti yangu amenizuia. Watoto wamelia, mikoba yao ilishafungwa. Shemeji yako akaniambia polepole, basi, Baba, tuite fundi. Nikamwambia fundi tunaye, ndiye mwenye funguo za gereji yangu.

Sasa la kwako wewe. Plagi hazijaniumiza. Lililoniumiza ni kuniitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano na wote wakamsifu. Masikio yamekufa, mwanangu. Mimi sijafa. Ulipokuwa mdogo ukifunga vibaya nilikufungulisha uanze upya, ukalia, nikakuacha ulie, na hapohapo ndipo ulipojifunza. Kwa nini mimi uninyime? Nikosoe. Nitanuna, nitatia sahani chumbani nile peke yangu, kisha nitatoka. Lakini usinifiche tena. Nikifichwa ndiyo nimekwisha.

Gari iko uani, boneti wazi, plagi nne nimezilaza juu ya kitambaa. Sijafunga hata moja. Shemeji yako amesimama pembeni, ananisubiri mimi, na mimi nakusubiri wewe. Swali hili sijapata kumuuliza mtu tangu nianze kazi: niweke ngapi?

Baba yako


Gereji, Jumamosi 13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Weka nukta saba, zote nne. Hizo tatu ulizopanua zibane kwa kuzigongagonga juu ya ubao, jicho lako kwenye kibati, na ile ncha ya katikati na kauri yake usiviguse kabisa, kauri ikipata ufa plagi hiyo ni ya kutupa.

Kisha usiniamini. Injini ya Shemeji siijui, huenda tabo yake inasukuma kuliko ile ya mkunga. Pakieni mchanga, watoto wabaki nyumbani. Shemeji aendeshe, wewe kaa mbele, kiganja chako juu ya dashibodi, mpande mlima wote mafuta chini. Injini ikimisi haipigi masikioni tu, Baba, inapiga na mkononi, na mkono wako haujazeeka. Ikishtuka hata mara moja, bana nusu ya nukta, mpande tena. Usifike sita, itatetemeka ikisimama. Mkifika juu imetulia, hapo ndipo watoto wafunge mikoba. Na kama nimekosea, niandikie kwamba nimekosea, kwa herufi kubwa, nami nitanuna kisha nitatoka.

Barua yako nimeisoma kwenye benchi lako, mbele ya wateja. Nimelia, nimelia mpaka mmoja akavua kofia, mwingine akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikawaambia hapana. Baba yangu ameniuliza swali.

Mwanao